Memori Iliyokataa Kuingia

Mwezi uliopita nilinunua vipande viwili vya memori ya kompyuta, vya aina ile ya mbio sana, nikavipachika kwenye kompyuta yangu ya mezani hapa ninapoishi mjini Nyeri. Nilivibonyeza mpaka vikalia ta, ta, nikawasha. Feni zikazunguka, taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye kona ya bodi, na skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikavitoa, nikavipangusa, nikavirudisha. Nyeusi. Nikaacha kipande kimoja peke yake. Nyeusi. Jumapili ile yote baada ya ibada niliimaliza nimepiga magoti sakafuni, nikisoma kwenye simu orodha ndefu ya memori ambazo mtengenezaji wa bodi ile amezijaribu na kuzikubali, na zangu hazikuwamo. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia zitaingia tu. Na kweli ziliingia.

Mume wangu alipita na kikombe cha chai akaniuliza kwa nini ninalilia kompyuta. Sikuwa ninalilia kompyuta. Sanduku lilikuwa wazi, vumbi la ndani lilikuwa limepata joto na kuanza kutoa harufu yake, harufu kama ya blanketi kuukuu lililoanikwa karibu na jiko, na mimi nilikuwa nimerudi kwetu Giakanja, nina miaka kumi, nimeshika tupa.

Mama alikuwa na chumba kimoja pale sokoni, kati ya duka la dawa za mifugo na cherehani ya fundi wa nguo. Mlangoni alikuwa ametundika ubao aliouandika kwa mkono: kupiga chapa, kutoa kopi, programu za mazishi. Kompyuta ilikuwa imetoka kwenye ofisi fulani ya mjini iliyofungwa, na rangi yake nyeupe ilikuwa imegeuka kama meno ya mvuta tumbaku. Kila jioni Mama aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, vile wengine wanavyofunika makochi. Msimu wa baridi, ukungu uliposhuka kutoka milima ya Nyandarua hadi usiweze kuona upande wa pili wa barabara, aliweka jiko la makaa chini ya meza, miguu yake upande huu na yangu upande ule. Joto lilipanda mpaka ndani ya sanduku na kuliamsha vumbi. Harufu hiyo ilichanganyika na ya dawa ya kupe kutoka jirani, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya kazi.

Kazi yake kubwa ilikuwa hizo programu za mazishi, zile karatasi wanazogawiwa waombolezaji, zenye picha na maisha ya marehemu. Familia ilikuja na bahasha ya picha, na majina ya watoto na wajukuu yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Mama aliwapa viti, akawauliza mambo polepole: marehemu alipenda nini, alipandia wapi chai yake ya kwanza, ni nani aliyemwita kwa jina la utani. Kisha akapiga chapa. Aliwahi kuniambia kwamba kwa watu wengi karatasi ile ndiyo mara ya pekee maisha yao yaliandikwa, kwa hiyo haifai jina likosewe hata herufi moja. Nilimwona akirudisha kazi nzima kwa sababu ya jina moja la kitukuu.

Tatizo lilikuwa picha. Maandishi kompyuta iliyaweza, lakini ukiipa picha ya pili au ya tatu ilisimama, ikabaki inawaza kwa muda ambao Mama angeweza kwenda kuchota maji na kurudi. Ndipo akamwita Gathogo.

Gathogo alikuwa fundi wa simu na kompyuta, kijana mrefu sana, mwenye meza ya kioo kwenye kona ya soko, mkabala na bucha. Alikuwa mtu wa kucheka upesi. Nikienda mezani kwake alinipa skrubu zilizochanganyika nizipange kwa ukubwa, akaniambia nina macho ya fundi. Aliifungua kompyuta ya Mama, akapuliza vumbi, akachungulia.

"Mama Njeri, hii kompyuta iko na memori kidogo sana," akasema. "Ndio maana inachoka."

Njeri ni mimi. Nililisikia neno hilo memori na nikaelewa kwa namna yangu. Wakati huo nyanya yangu alikuwa ameanza kusahau, akiniita kwa majina ya shangazi zangu, na watu wazima walisema memori yake imeisha. Kwa hiyo nilijua kompyuta imepatwa na ugonjwa wa nyanya. Niliionea huruma. Mama alipotoka nje nilisogeza mdomo karibu na zile feni na kuisomea majina ya marehemu tuliokuwa tumewaandika, mmoja mmoja, ili isiwasahau.

Gathogo aliahidi kuagiza memori kubwa zaidi. Alisema bodi za aina ile anazijua, ameshafungua nyingi. Baada ya siku chache ilifika, kijiti chembamba cha kijani ndani ya mfuko wa kijivu unaong'aa, chenye safu ya meno ya dhahabu upande mmoja. Alikishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika picha ambayo haijakauka. Akakiweka juu ya nafasi yake na kubonyeza. Hakikuingia. Akakigeuza, akajaribu tena, kisha akakiinua kwenye mwanga akakichunguza.

Alituonyesha. Katikati ya yale meno kuna pengo dogo, na kwenye nafasi ya bodi kuna kizuizi kidogo, na hivyo viwili ni lazima vikutane. Hiki kilikuwa cha kizazi kipya zaidi, na pengo lake lilikuwa limesogea kando kidogo, upana wa punje ya mchele. Aliomba radhi, akakirudisha kwenye mfuko na kukiweka kwenye droo ya Mama, akisema atakichukua siku atakayokwenda kubadilishiwa. Mama alisema si neno.

Cha pili kilichukua wiki nzima. Hiki kiliingia vizuri. Kompyuta ikawaka, Mama akafungua picha moja, ikatokea papo hapo, akafungua ya pili na ya tatu. Alijishika mashavu akacheka. Hatukumaliza hata kikombe kimoja cha chai, skrini ikageuka bluu yote, na maandishi meupe ambayo hakuna aliyeyaelewa. Wakawasha upya. Ikafanya kazi kidogo, ikageuka bluu tena.

Gathogo alikuna shingo. Alieleza kwamba hii ni ya aina ya bodi yetu, ila ni ya mbio kuliko bodi inavyoweza. Mara nyingi memori ya mbio hukubali kupunguza mwendo ikiwekwa kwenye bodi ya polepole, akasema, lakini hii imekataa. Mama alimuuliza aliichaguaje. Alijibu kwamba alitazama umbo, kisha akachukua yenye spidi kubwa kuliko zote zilizokuwapo, kwa sababu si tulitaka haraka?

"Ulisoma namba ya bodi?" Mama akauliza.

Gathogo alisema hakuisoma, bodi hizo anazikumbuka kwa kichwa.

"Mimi nikikosea jina la marehemu," Mama akasema, "siwezi kuambia watu ati nilikuwa nimelikumbuka kwa kichwa."

Gathogo aliondoka na kijiti chake cha pili bila kucheka. Na mimi, katika akili yangu ya miaka kumi, niliamua kwamba bodi ndiyo mkaidi. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe aliyempiga teke kila aliyetaka kumkama isipokuwa Baba, na Baba aliporudi mwisho wa wiki kutoka kazini Murang'a alituambia ng'ombe yule hana ubaya wowote, sisi tu ndio hatujui kumlazimisha vizuri.

Halafu akafariki mwalimu mmoja mstaafu wa Giakanja, Mwalimu Nderitu, aliyemfundisha Mama kusoma na kuandika. Alifundisha nusu ya watu wa pale. Mkewe alikuja dukani mwenyewe, akiwa ameshikwa mkono na binti yake, na bahasha yenye picha kumi na mbili: mwalimu akiwa kijana kwenye baiskeli, mwalimu mbele ya darasa la watoto wasio na viatu, mwalimu kwenye harusi yake. Mazishi yalikuwa Ijumaa. Mama alimshika mkono yule mjane akamwambia kwamba zote kumi na mbili zitaingia, na akamwandalia chai.

Jumatatu na Jumanne nzima zilikwenda bure. Ile memori ya zamani, ndogo, ilikuwa imerudishwa mahali pake, na kompyuta ilisimama kila picha ya tatu. Mara tatu Mama alifika karibu na mwisho na mara tatu kazi yote ikapotea. Mara ya tatu alilaza paji la uso juu ya meza, kati ya kibodi na kikombe, akakaa hivyo. Nilipomuuliza kama nimwitie Gathogo, alipiga meza kwa kofi bila kuinua kichwa na kuniambia nitoke nje. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nilisimama kwenye ukungu nikiichukia ile bodi kwa moyo wangu wote.

Jumatano asubuhi Mama alifanya alichosema kilipaswa kufanywa tangu siku ya kwanza. Alifungua sanduku, akapangusa bodi kwa kitambaa kikavu, akanakili kila herufi na kila namba iliyochapwa juu yake nyuma ya programu ya mazishi ya zamani. Akanakili pia yale yaliyoandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye memori yenyewe. Gathogo alimwelekeza kwa muuzaji mmoja wa mjini mwenye orodha za bodi na memori zake. Mama akavaa koti. Ilikuwa likizo, kwa hiyo aliniachia duka. Nisiguse chochote, na wateja niwaambie warudi mchana.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisita. Sidhani. Kwetu kitu kilichokataa kuingia mahali pake kilisaidiwa. Mlango ukivimba wakati wa mvua, Baba aliupiga randa. Mpini ukiwa mnene kwa jembe, aliuchonga. Memori ya kwanza ilikuwa kwenye droo, mpya, inang'aa, na kosa lake lilikuwa pengo lililowekwa kando kwa upana wa punje ya mchele. Niliona ni uzembe wa mtu wa kiwandani. Kwenye rafu palikuwa na tupa ndogo ambayo Mama alinolea kisu cha kukatia karatasi. Nilikaa karibu na dirisha, nikashikilia kile kijiti kati ya magoti, nikaanza kuchonga pengo lingine.

Kilikuwa kigumu kuliko mti. Vumbi la kijani lilianguka kwenye sketi yangu, na ndani yake chembe za dhahabu. Meno mawili matatu yalikatika, nikayapuliza. Nilifikiria uso wa Mama akirudi na kukuta picha zote kumi na mbili zimepangwa. Nilitoa memori ya zamani kama nilivyomwona Gathogo akifanya, kwa kusukuma kando yale masikio mawili meupe yanayoishikilia, nikaweka yangu, nikailalia kwa viganja vyote viwili na uzito wangu wote. Ikalia kwa sauti kubwa. Nilifurahi. Nilidhani huo ndio mlio wake.

Nilipowasha, feni ilizunguka nusu ikasimama. Kisha ikaja harufu ambayo haikuwa ya vumbi, harufu kali, kama kitana cha plastiki kilichoangukia makaa. Nilizima ukutani. Niliichomoa memori, na kipande cha plastiki cha ile nafasi yake kwenye bodi kikatoka nayo. Nilirudisha ya zamani, ikakaa kwa kulegea. Nikafunika kila kitu kwa kitambaa cha Mama, nikakirudisha kile kijiti kwenye mfuko wake na mfuko kwenye droo, nikakung'uta sketi mlangoni, nikakalia mikono yangu.

Mama alirudi saa nane mchana akiwa mchangamfu. Alinipa keki ndogo kutoka mjini akaanza kunisimulia. Muuzaji alikuwa ametafuta namba ya bodi kwenye orodha yake, akamwonyesha kwa kidole: aina hii tu, spidi isizidi hapa, kila kipande kisizidi ukubwa huu. Kisha akachukua memori yenyewe akaijaribu kwenye bodi iliyofanana na yetu, mbele ya macho yake, ikafanya kazi. Alisema tungekuwa tumemaliza wiki tatu zilizopita kama mtu mmoja tu angesoma namba. Keki niliiweka mezani bila kuiuma.

Aliniambia nimwite Gathogo aje aifunge. Gathogo akaifunga. Akawasha. Hapakuwa na chochote, hata feni. Akajaribu tena. Mama alitazama ile kompyuta, kisha akamgeukia yeye. Alimwambia kwamba imekufa, kwamba amekuwa akiingiza vitu vyake humo kwa kubahatisha mpaka ameiua, na mazishi ni keshokutwa. Mkono wake ulikuwa umeinuka hewani, wala sidhani alijua umeinuka.

Gathogo aliinamisha sanduku, akawasha tochi ya simu, akaangalia ile nafasi ya memori kwa muda mrefu. Akapitisha kidole, akatazama vumbi la kijani lililobaki juu yake. Kisha akauliza iko wapi ile memori ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na droo. Nikampa mfuko. Alikitoa kijiti nusu tu, akakiona, akakirudisha ndani. Halafu akanitazama. Nilikuwa ninatazama viatu vyake, vyenye matope mekundu ya njia ya bucha.

"Mama Njeri, ni makosa yangu," akasema. "Ile ya spidi kubwa imeharibu bodi."

Mama akamwambia aende. Alienda, na ule mfuko mfukoni mwake.

Alhamisi katibu wa parokia alimruhusu Mama kutumia mashine yake kwa muda mfupi, lakini haikuwa na skana ya kuingizia picha. Kwa hiyo Mwalimu Nderitu alizikwa na karatasi moja yenye maandishi matupu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama pale kaburini. Nilimwona mjane akipokea karatasi yake, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele, kisha akaikunja taratibu. Mama aliona pia. Aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka tulipofika nyumbani.

Mama alianza kumsema Gathogo. Hakuwa mtu wa umbea, na labda ndiyo sababu watu walimsikiliza. Kwenye kikundi cha kina mama, kwa fundi wa nguo, kwa kila aliyekuja kutoa kopi, alisema usimpelekee Gathogo kitu chako, mimi ameniharibia. Miezi michache baadaye meza ya kioo ilikuwa haina simu hata moja ndani. Siku aliyohamia Murang'a alipita mlangoni kwetu na boksi begani, akanisalimia kama alivyonisalimia siku zote, akaniambia nisome. Laiti angenitukana.

Jambo ninaloona aibu zaidi kulieleza ni kwamba nilimwamini. Alikuwa mtu mzima, alikuwa fundi, na alisema ni ile ya spidi kubwa. Nilijiambia bodi ilikuwa imeshaumia kabla sijaigusa, ndiyo maana ilikufa, na tupa yangu haikuwa na hatia. Niliishi vizuri na jibu hilo kwa muda mrefu. Mpaka nikafika sekondari, na mwalimu wa kompyuta akatupitishia mezani memori za vizazi mbalimbali, akatuambia kwamba pengo lile huwekwa mahali tofauti makusudi, ili mtu asiweze kuingiza moja mahali pa nyingine na kuunguza bodi. Niliishika ile memori, nikapapasa pengo lake kwa ukucha, na nikajua. Gathogo alijua pia. Alikuwa amejua tangu siku ile.

Hata hivyo nilinyamaza mwaka mwingine mzima. Nilisema nikiwa kidato cha pili, Jumamosi moja tulipokuwa tukichuma majani ya chai kwenye shamba letu dogo. Mwanamke wa mstari wa pili alikuwa amemuuliza Mama kama anamjua fundi mzuri wa kompyuta, na Mama akajibu kwamba yeyote atafaa bora asiwe mtu kama yule Gathogo. Yule mwanamke aliposogea mbali nilimwambia Mama yote, kuanzia droo mpaka harufu. Aliendelea kuchuma. Vidole vyake havikupunguza mwendo hata kidogo, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kikapu kikajaa. Ndipo akasema, "Kesho tukitoka kanisani tunaenda Murang'a."

Tulimpata kwa kuulizauliza, kwenye chumba kidogo karibu na stendi. Alikuwa amenenepa na kufuga ndevu, na alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa. Alipotuona alisimama, akatupa stuli, akaanza kutafuta mtu wa kumtuma soda. Mama hakuketi.

"Gathogo," akasema, "mtoto ameniambia kuhusu tupa."

Aliweka bisibisi chini. Alisema hayo ni mambo ya zamani. Mama akamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Niliwaletea memori mbaya mara mbili bila kusoma namba," akasema. "Ningesoma siku ya kwanza, huyu hangeshika tupa. Na siku hiyo ulikuwa umekasirika sana, Mama Njeri. Niliona vile mkono yako ilikuwa."

Nilidhani Mama angelia, au amshukuru. Badala yake alikasirika, hasira ile ile ya siku ya kompyuta.

"Miaka mitano nimekusema vibaya," akasema. "Nilisimama mbele ya kina mama nikasema wewe ni fundi wa uongo. Ulijua si hivyo, na ukaniacha."

"Ilikuwa nusu ukweli."

"Basi ungeniachia hiyo nusu. Ningesema hiyo."

Nilimwomba Gathogo msamaha, kwa sauti ambayo sijui kama ilisikika, naye akaniuliza niko kidato cha ngapi na kama bado nina macho ya fundi. Alisema hapa anaendelea vizuri, ana wateja wake, na kurudi Giakanja hawezi. Tulikunywa soda. Mama aliinywa kama dawa.

Siku ya soko iliyofuata alifunga duka asubuhi, akachukua kikapu kama mtu anayekwenda kununua vitu, akaniambia nimfuate. Alianzia kwa fundi wa nguo. Alimwambia kwamba amekuja kusahihisha alichosema kuhusu Gathogo. Fundi wa nguo alisimamisha cherehani, akawaza, akauliza, si ndiye yule aliyechoma kompyuta yako? Mama akasema hakuichoma. Fundi akauliza sasa ni nani. Mama aliniachia nijibu, nikasema ni mimi. Yule mzee alicheka, akasema watoto ni watoto, akarudi kwenye mshono wake. Hakuona kwamba kuna jambo lililobadilika.

Kwenye duka la dawa za mifugo palikuwa na kijana mgeni ambaye hakuwahi kumwona Gathogo. Mama alimweleza hata hivyo. Kwenye bucha walimkumbuka kwa shida, kama fundi fulani mbaya aliyefukuzwa. Mama alirudia yote, na yule mwenye bucha akaitikia ndiyo, ndiyo, huku akipima nyama ya mteja mwingine. Kwenye saluni mwanamke mmoja alikuwa amesahau jina na kompyuta, lakini hakuwa amesahau kwamba kuna fundi ambaye hafai. Kila tulipotoka mahali Mama alitembea kwa kasi zaidi, midomo ameibana. Nilimwambia inatosha, watu wenyewe hawajali. Hakugeuka.

Wa mwisho alikuwa muuza viazi pale kwenye kona, palepale ilipokuwa meza ya kioo. Mama alimsalimia, akamwambia kwamba anataka kumweleza jambo kuhusu Gathogo.

"Gathogo yupi?" yule mwanamke akauliza.

Mama akaweka kikapu chini, akainua mkono juu ya kichwa chake kuonyesha urefu wa Gathogo, akaanza tena.